Mapigo Mengi si Kazi Nyingi

Binadamu huyashuku maneno, lakini huziamini namba. Mchuuzi akisema kwamba bidhaa yake ni njema kupita zote, mnunuzi hucheka moyoni. Mchuuzi huyo huyo akimwonyesha namba mbili, moja kubwa na moja ndogo, mnunuzi huacha kucheka akatoa fedha. Katika insha hii nataka kuishitaki namba moja mbele yako, msomaji. Siishitaki kwa uongo, maana haikusema uongo. Naishitaki kwa kukalia kiti kisicho chake, na pamoja nayo nawashitaki walioiketisha hapo, na sisi sote tulioipigia magoti. Namba hiyo ni ile iandikwayo juu ya kompyuta kuonyesha mapigo ya saa ya prosesa yake, ambayo huhesabiwa kwa gigahezi.

Sikuanza kuichukia namba hii vitabuni. Nilianza Burumba, mjini Busia, si mbali na mpaka wa Kenya na Uganda. Siku moja mama mmoja, mchuuzi wa omena, alikuja dukani kumnunulia binti yake kompyuta ya kwenda nayo chuoni. Fedha zake alizifunga katika pindo la leso, na noti ndogo zilikuwa nyingi kuliko kubwa. Mezani palikuwa na kompyuta mbili za bei karibu sawa. Ya kwanza ilikuwa mpya, yenye kung'aa, na karatasi iliyobandikwa juu yake ilisema 2.8. Ya pili ilikuwa imekwisha kutumika ng'ambo, pembe zake zimechujuka, na karatasi yake ilisema 1.6.

"Mwanangu," mama akamwuliza muuzaji, "hizi zina tofauti gani?"

"Mama," kijana akajibu, "hesabu ni hesabu. Kati ya 2.8 na 1.6, ipi kubwa?"

Mama akacheka, akafungua pindo la leso, akachukua ile ya namba kubwa. Nami nilikuwa nimesimama pale pale nikingoja zamu yangu. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa niliona si adabu kuharibu biashara ya mtu. Muhula ulipokwisha nilikutana na binti yule. Akanieleza kwamba akifungua kazi yake pamoja na kurasa mbili tatu za intaneti, kompyuta hukwama hata yeye akaenda kuchemsha chai na kurudi. Kisha akasema kwa huzuni, "Na hii ndiyo yenye nguvu. Sijui ile nyingine ingekuwaje." Hapo nikaona ubaya wote wa namba iliyokaa mahali pasipo pake. Ilimpunja mama fedha yake, kisha ikamnyima binti hata uwezo wa kujua kwamba wamepunjwa. Insha hii ni deni la ukimya wangu.

Tuanze na jambo lenyewe. Ndani ya kompyuta mna prosesa, ambayo ndiyo itendayo hesabu zote, na prosesa huongozwa na saa. Saa hiyo haionyeshi wakati; kazi yake ni kupiga, kama ngoma iwapigiwayo wavuta makasia, ili sehemu zote zisogee pamoja. Gigahezi 1 ni mapigo milioni 1,000 katika sekunde moja. Basi prosesa ya 2.8 hupiga mara milioni 2,800 kwa sekunde, na ya 1.6 hupiga mara milioni 1,600. Hayo ni kweli tupu. Lakini ngoma haivuti kasia. Namba ya mapigo yakwambia ngoma imelia mara ngapi. Haikwambii kwa kila mlio mtumbwi umesogea kiasi gani.

Watu wa Busia hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana walilijua zamani kwa miguu yao. Inasimuliwa kwamba jina la boda boda lilizaliwa hapa mpakani, kwa waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, kabla pikipiki hazijalirithi jina hilo. Tuseme waendesha baiskeli wawili wanashindana. Wa kwanza azungusha pedali mara 90 kwa dakika, na kila mzunguko wamsogeza mita 3. Wa pili azungusha mara 60 tu, lakini kila mzunguko wamsogeza mita 5. Wa kwanza atakwenda mita 270 kwa dakika, na wa pili mita 300. Abiria mwenye haraka apande ipi? Mwenye kuhesabu miguu atapanda ya kwanza na kuchelewa. Mwenye kuhesabu mita atapanda ya pili na kufika.

Prosesa ni vivyo hivyo. Kazi ya sekunde moja ni mapigo ya sekunde hiyo mara kazi ya kila pigo. Prosesa moja yaweza kutimiza agizo moja kwa pigo moja, nyingine matatu au manne, na nyingine hupitisha mapigo mengi bila ya kutimiza hata moja. Mtu akikutajia mapigo, asikutajie kazi ya kila pigo, amekupa nusu ya hesabu na kukuachia uidhanie nusu ya pili. Ewe mwanafunzi, ukimpelekea mwalimu wako nusu ya hesabu hakupi alama. Kwa nini basi wewe umpe muuzaji fedha?

Tena, hata nusu hiyo huenda ikawa na ndimi mbili. Prosesa nyingi za leo zina mapigo ya msingi, ambayo huweza kuyashika kutwa, na mapigo ya upeo, ambayo huyafikia kwa muda joto lake likiwa bado dogo. Kwa mfano, prosesa ya Intel iitwayo Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina msingi wa gigahezi 1.6, lakini upeo wake ni 3.4. Mezani pale Burumba niliyasoma majina ya prosesa zote mbili. Karatasi ya kompyuta mpya ilitaja upeo wake. Karatasi ya kompyuta kuukuu ilitaja msingi wake. Kisha zikawekwa bega kwa bega. Huko ni kupima mbio za mtu mmoja na matembezi ya mwingine, halafu kumtangaza mshindi. Sidhani kwamba kijana yule alikusudia hila. Alisoma kilichoandikwa, kama na sisi tusomavyo. Lakini ujinga unaouza na ujinga unaonunua vikikutana, hasara haikosi mwenyewe.

Usidhani kwamba kosa hili ni la mji wa mpakani tu. Wakubwa wa dunia walilitenda kabla yetu, na kwa fedha nyingi zaidi. Mwezi wa Machi mwaka 2000 kampuni mbili za Marekani, AMD na Intel, zilitoa prosesa za gigahezi 1 zikipishana kwa siku chache tu, na magazeti yakashangilia kama kwamba mlima umepandwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Intel ikatoa Pentium 4, yenye gigahezi 1.4 na 1.5. Waliochukua saa na kupima kazi waliona ajabu: katika programu kadha wa kadha, Pentium III ya gigahezi 1 ililingana na ndugu yake huyo mpya, na pengine ikampita. Mapigo yaliongezeka, na kazi isiongezeke kwa kadiri ile.

Sababu yaeleweka kwa yeyote aliyewaona wapagazi wakipakua magunia ya mahindi kutoka katika lori. Watu 10 wakijipanga mstari na kupokezana gunia, kila mmoja ana hatua kadha za kutembea. Wakiwa 20, hatua za kila mmoja hupungua, na msimamizi aweza kupiga ngoma upesi zaidi. Lakini umbali kutoka lori hadi ghala haukupungua hata shubiri. Na msimamizi akipaza sauti kwamba magunia hayo siyo, yanatakiwa ya lori la pili, kila gunia lililo mkononi hutupwa chini na mstari huanza upya. Mstari wa watu 20 hupoteza zaidi kuliko mstari wa watu 10. Pentium III ilikuwa na hatua kama 10 katika mstari wake wa kazi. Pentium 4 ilikuwa na 20, na ile iliyotolewa Februari 2004 ilikuwa na 31. Prosesa hulazimika kubahatisha ni agizo lipi litakalofuata. Ikikosea, huyatupa yaliyomo mstarini. Ngoma ya kasi ilinunuliwa kwa mstari mrefu, na bei ya mstari mrefu haikuandikwa dukani.

Wako waliosema kweli siku zile, ingawa na wao walikuwa na bidhaa za kuuza. Julai 2001 Jon Rubinstein wa kampuni ya Apple alisimama jukwaani New York kueleza kwamba imani ya watu juu ya megahezi ni hekaya. Oktoba mwaka huo huo AMD ilitoa prosesa ya gigahezi 1.53, lakini ikaipa jina la 1800+, kwa kuwa ilijua kwamba mnunuzi akiiona namba ya kweli atageuka na kwenda zake. Tafakari jambo hilo, msomaji. Fundi alitengeneza chombo chema, akalazimika kukificha nyuma ya namba nyingine kwa sababu ya macho yetu.

Mwisho wa mbio hizo uliletwa na joto. Kila mapigo yalipoongezwa, umeme ulioliwa uliongezeka, na prosesa ikawaka kama pasi ya makaa. Oktoba 2004 Intel ilitangaza kwamba imeiacha nia ya kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Julai 2006 kampuni hiyo hiyo ikatoa Core 2 Duo. Yenye gigahezi 2.4 iliishinda kwa kazi Pentium 4 ya 3.8. Namba ilishuka na kazi ikapanda. Tangu hapo mapigo yamesogea kwa mwendo wa kinyonga: kutoka 3.8 mwaka 2004 hadi upeo wa 6 katika prosesa moja ya mwaka 2023. Hayakufika hata maradufu katika miaka ishirini karibu, ilhali kazi ya kompyuta imeongezeka mara nyingi sana. Ingekuwa kweli kwamba mapigo ndiyo kazi, maendeleo hayo yangekuwa muujiza.

Rudi nami sasa mpakani, maana bado sijaitaja dhambi kubwa ya namba hii. Haisemi neno juu ya kungoja. Lori hutoka Mombasa likiwa na mzigo wa Uganda, likasafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Malaba. Injini yake ina nguvu, na sheria ya Kenya yaliruhusu kwenda kilomita 80 kwa saa. Likifika mpakani likakuta foleni, nguvu ile yafaa nini? Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wote wapimwe Uviko mpakani, malori yalisimama kwa siku nyingi Malaba na Busia, na petroli ikaadimika na kupanda bei Uganda. Hapana injini iliyopungua nguvu mwezi ule. Kilichozidi ni kungoja. Na kinyume chake ni kweli pia. Zamani kila lori lilisimama Busia mara mbili, kwanza kwa maofisa wa nchi litokako, kisha kwa maofisa wa nchi liendako. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka, ili lori lisimame mara moja tu. Hapana lori lililopewa injini mpya siku ile, na hata hivyo safari ilifupika.

Prosesa nayo ina mipaka yake. Prosesa ya gigahezi 3 ikitaka kitu kilichomo katika kumbukumbu kuu, huweza kungoja mapigo 200 au zaidi kabla ya kukipata. Ikitaka kitu kilichomo katika diski ya sahani inayozunguka, huweza kungoja sehemu moja ya mia ya sekunde, yaani mapigo milioni 30 yanayopigwa bure. Diski ya kisasa isiyo na sahani hupunguza kungoja huko kiasi cha mara 100. Ndiyo maana kompyuta kuukuu iliyobadilishwa diski na kuongezewa kumbukumbu huamka kama iliyofufuliwa, ingawa prosesa yake ni ile ile na mapigo yake ni yale yale. Na ndiyo maana kompyuta ya binti yule, yenye kumbukumbu haba na prosesa yenye kazi ndogo kwa kila pigo, ilimngojesha hata chai ikachemka. Ngoma yake ilikuwa ikilia kwa kasi. Makasia hayakuwamo majini.

Najua nitajibiwa. Ataondoka mmoja aseme: "Katika prosesa mbili za namna moja, yenye mapigo mengi hushinda." Nakubali, maana ni kweli. Baiskeli mbili zikiwa sawa kwa kila kitu, azungushaye pedali upesi zaidi atatangulia. Lakini dukani huchagui baina ya vitu vilivyo sawa kwa kila kitu. Unachagua baina ya mpya na kuukuu, ya kampuni hii na ile, ya mwaka huu na mwaka jana. Kanuni ifaayo kwa mapacha haifai kwa watu baki. Wa pili atasema: "Watu wanataka namba moja nyepesi, usiwachoshe." Namjibu kwamba namba nyepesi ipo, nayo ni muda. Kazi yangu yachukua sekunde ngapi? Hapana iliyo nyepesi kuliko hiyo, na hapana ichukiwayo zaidi na mwenye kuuza kitu kibovu.

Wa tatu atasema kwamba haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi wanunuzi huhesabu viini, yaani prosesa ngapi zimo ndani ya moja. Huyo ameangusha sanamu moja akasimamisha nyingine. Mhandisi Gene Amdahl alionya mwaka 1967 kwamba kazi isiyogawanyika haiharakishwi kwa kuongeza watendaji. Pikipiki nane zaweza kuwavusha abiria wanane kwa pamoja. Haziwezi kumvusha abiria mmoja mara nane mapema. Viini vinane ni neema kwa kazi inayogawanyika, na ni pambo kwa kazi isiyogawanyika. Kwanza uliza kazi, ndipo uhesabu viini.

Basi ufanye nini utakapotumwa kununua? Nenda na kazi yako mwenyewe: faili la hesabu, insha ndefu yenye picha, programu utakayoitumia. Ifungue palepale dukani, na utazame saa ya mkononi. Uliza jina kamili la prosesa na mwaka wake. Uliza kama namba iliyoandikwa ni ya msingi au ya upeo, na hakikisha kwamba nyingine yapimwa kwa kipimo hicho hicho. Uliza kiasi cha kumbukumbu na aina ya diski. Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, amekwisha kukujibu. Hata makampuni yenyewe yalikiri haja hiyo: mwaka 1988 baadhi yake yaliunda shirika liitwalo SPEC, ambalo hupima kompyuta kwa kuzipa programu halisi zizifanye, badala ya kuhesabu mapigo yake. Waliozitengeneza hawakuridhika na mapigo. Wewe uridhike kwa nini?

Nisieleweke kwamba naichukia hesabu. Naitetea. Namba ni shahidi mwaminifu, lakini hujibu swali aliloulizwa tu. Ukimwuliza saa imepiga mara ngapi, atakwambia kweli. Usimlaumu ikiwa ulitaka kujua kazi imekwenda kiasi gani na hukuuliza. Adui wa mwanafunzi ni ile haraka ya kuipokea namba ya kwanza iliyo kubwa na kufunga mdomo. Mwenye haraka hiyo atanunua kompyuta kwa mapigo, atachagua shule kwa wingi wa majengo, na atampigia kura mtu kwa wingi wa mikutano yake. Debe tupu haliachi kuvika, na siku hizi limejifunza kuvika kwa tarakimu.

Msomaji, huenda wewe ni wa kwanza nyumbani kwenu kujua gigahezi ni nini. Ikiwa ndivyo, siku moja utasimama dukani, Burumba au Malaba au kwingineko, kando ya mtu aliyefunga fedha katika pindo la leso. Utasikia akiulizwa namba ipi kubwa. Mimi nilipata nafasi hiyo nikaiita adabu, nikanyamaza. Wewe usinyamaze. Msalimu mama huyo kwa heshima, umwombe ruhusa, kisha mwulize muuzaji: "Ndugu, waweza kutufungulia zote mbili, tuone ipi itamaliza kazi kwanza?"